MEZA YA KAZI NI YA NANI?



Naomba nafasi katika gazeti letu hili niseme neno na wenzangu wa reli, na wengine wote wafanyao kazi za mezani, juu ya jambo ambalo wengi hulicheka. Jambo lenyewe ni kioo cha kompyuta, na meza kinapokaa, na kiti kilicho mbele yake. Najua wako watakaosema, "Huyu naye! Mishahara haijatosha, nyumba za wafanyakazi zavuja, yeye atuandikia habari za meza." Nawaomba wasome mpaka mwisho ndipo wahukumu.

Reli iliyofika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901 ilikuwa kazi ya mabega na mikono. Hata karani wa siku zile alikuwa na kalamu, kitabu kikubwa na waya wa telegrafu. Wakati wa East African Railways, mpaka shirika lile lilipovunjika mwaka 1977, hesabu ya mabehewa iliandikwa kwa mkono na karatasi ya kaboni. Leo mambo yamegeuka. Tangu reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipoanza kuchukua abiria mwaka 2017, hata bibi kizee wa kijijini anajua kwamba tiketi hutoka katika kompyuta. Karani wa mizigo, mtu wa stoo, mtu wa mishahara, na yule akaaye usiku kucha akifuata mwendo wa magari, wote wanakazia macho kioo. Mzigo wa kazi umetoka mabegani ukaingia machoni, shingoni na viganjani.

Lakini sisi wenyewe katika mikutano yetu bado twasema kama watu wa zamani. Twadai mabuti, twadai koti la mvua, twadai kofia ngumu ya kichwani. Haya yote ni haki, wala sisemi yaachwe. Nasema tu kwamba mwenzetu aliyeketi naye ana mwili, na mwili wake unaumizwa polepole, bandu bandu, mpaka gogo linakwisha.

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia kwa macho yangu. Afisi ile sitaitaja, wala mwajiri wake sitamtaja, kwa maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza nne na dirisha moja kubwa linaloelekea magharibi. Meza zote zilipangwa migongo ya makarani ikilielekea dirisha, ili msimamizi akiingia mlangoni aone nyuso zao. Vioo vya kompyuta vilitwikwa juu ya masanduku ya mashine ili meza zipate nafasi. Basi ikifika saa tisa alasiri jua linapita juu ya mabega ya makarani na kupiga vioo, na herufi zinapotea kama maandishi ya chaki juu ya ukuta mweupe.

Katika afisi ile alikuwako mama mmoja, karani wa siku nyingi, mtu wa miaka karibu hamsini, mwenye miwani ya sehemu mbili, ya kutazama mbali juu na ya kusoma chini. Kioo chake kilikuwa juu kuliko macho yake. Ili asome, ilimpasa ainue kidevu na kuirudisha shingo nyuma, kutwa nzima, apate kutazama kwa ile sehemu ya chini ya miwani. Jioni aliondoka ameshika kisogo. Tena alikuwa akisoma nambari za mabehewa, na alasiri, jua likipiga kioo, tarakimu ya 3 na ya 8 zilikuwa kwake kitu kimoja. Siku moja behewa likapelekwa kwenye reli ya pembeni isiyo yake, na lawama ikamwangukia yeye.

Alimwambia msimamizi mara mbili kwa mdomo. Akajibiwa angoje fundi. Fundi hakuja. Basi siku moja saa ya chakula, akisaidiwa na kijana wa afisi, akaigeuza meza yake ili dirisha liwe ubavuni, akakishusha kioo kutoka juu ya sanduku, akakiweka juu ya meza mbele yake sawasawa. Juma lile hakukosa nambari hata moja, na kisogo kikapoa. Siku ya Ijumaa akapewa barua ya onyo. Kosa lake: "kuhamisha mali ya afisi bila ruhusa." Meza ikarudishwa pale pale, na kioo kikapandishwa tena juu ya sanduku.

Barua ile ingali katika faili lake. Sisi sote twajua maana ya barua ya onyo. Ni kipandio cha kwanza cha ngazi, na kipandio cha mwisho ni mlango wa kutokea. Ndiyo maana nauliza: meza ya kazi ni ya nani?

Mwajiri atasema, meza ni yangu, niliinunua. Kweli, mbao ni zake. Lakini shingo si yake, wala macho si yake. Aliponiajiri alinunua saa zangu za kazi, hakununua kisogo changu. Nikistaafu meza itabaki afisini, na shingo nitakwenda nayo nyumbani.

Tuangalie sasa mambo haya yanavyotendeka, maana chama kisichojua sababu hakiwezi kudai dawa.

Kwanza macho. Mtu aketiye barazani akizungumza hupepesa kope mara kwa mara bila kufikiri, na kila akipepesa jicho linapata maji. Akikazia kioo macho, kupepesa kunapungua sana, hata kufikia nusu au chini ya hapo. Jicho linakauka, linawasha, linakuwa jekundu, na mambo yanaanza kuonekana kama yapo ndani ya ukungu. Tena ndani ya jicho kuna msuli mdogo unaokaza ili tuone karibu. Msuli huo nao huchoka, kama mkono ulioshika ndoo bila kuitua. Na mtu akipita miaka arobaini, jicho lenyewe hupoteza nguvu ya kuona karibu. Hilo si uzembe, ni umri, nalo halimwachi mtu, awe meneja au mfagiaji.

Pili shingo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne au tano. Kikikaa sawa juu ya mabega, mifupa inakibeba. Kikiinamishwa mbele au kurudishwa nyuma, mifupa inaacha kubeba, na kazi inaangukia misuli. Mwambie mtu ashike jiwe la kilo nne karibu na kifua, kisha anyoshe mkono nalo. Ni jiwe lile lile, lakini aone atakaa muda gani.

Tatu mwanga. Kioo hakipendi kupigwa na jua, wala jicho halipendi kutazama kioo huku nyuma yake kuna dirisha linalong'aa. Kwa hiyo dirisha halifai kuwa mgongoni, wala halifai kuwa usoni. Mahali pake ni ubavuni.

Jambo hili la mwanga si elimu ngeni. Katika shule ya misheni niliyosoma mimi, mwalimu alitupanga ili mwanga utoke mkono wa kushoto, kivuli cha mkono unaoandika kisianguke juu ya daftari. Kwetu Kisegi, huku Gwassi ukingoni mwa ziwa, hakuna reli hata hatua moja, lakini nendeni sokoni mkatazame fundi cherehani anavyoketi. Hakuna aliyemfundisha, lakini mashine ameigeuza mpaka mwanga unaangukia sindano. Wavuvi wa omena nao, usiku usio na mwezi, huelea taa zao mbali kidogo na mashua, ziwavute samaki bila kuwapofusha watu wenyewe. Mvuvi akiona taa inamchoma macho, huisogeza. Hapati barua ya onyo kwa ajili hiyo. Je, karani wa reli amekuwa mnyonge kuliko mvuvi?

Wala tusifikiri kwamba maradhi ya mezani yameletwa na kompyuta. Daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi mwaka 1700, akakiongeza mwaka 1713, na humo aliwataja makarani na waandishi. Alisema wanaumizwa na mambo matatu: kukaa kutwa, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kukazwa wasikosee. Someni tena mambo hayo matatu, mniambie kama si karani wetu wa leo. Huko Uingereza watu wa telegrafu walipatwa na ugonjwa wa mkono kukakamaa kwa kugonga ufunguo siku zote. Mabwana walisema ni uvivu. Mwaka 1908 ugonjwa ule uliingizwa katika orodha ya maradhi ya kazi yanayolipwa fidia. Mwaka 1990 nchi za Ulaya zilizoungana zilitoa amri juu ya kazi ya vioo vya kompyuta: mwajiri achunguze meza na mwanga, mfanyakazi apate kupumzika kioo mara kwa mara, na apimwe macho. Yaliyopatikana huko yalipatikana kwa sababu watu walisema, tena walisema kwa umoja.

Je, sisi Kenya tuna nini? Hapa ndipo wengi hawajui, na kutojua kwetu ndiko kunakotuumiza. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kifungu chake cha 76 kinamtaka kila mwajiri achukue hatua ili mahali pa kazi, vyombo na kazi yenyewe vimfae mfanyakazi na uwezo wake, pamoja na kumkinga na mkazo wa akili. Angalieni maneno hayo vizuri. Sheria haikusema mfanyakazi akatwe alingane na meza. Imesema meza ilinganishwe na mfanyakazi. Sheria hiyo hiyo inataka mahali penye watu ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Tena inamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea mfanyakazi kwa sababu tu amelalamika juu ya jambo analoona ni hatari kwa afya yake. Na juu ya hayo yote iko Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inayompa kila mfanyakazi haki ya kuwa na hali ya kazi inayofaa.

Basi barua ya yule mama ilitoka wapi? Haikutoka katika sheria. Ilitoka katika mazoea ya zamani, kwamba mkubwa hupanga na mdogo huketi alipopangiwa.

Sasa nijibu maneno ya wanaopinga, maana wengine wao ni watu wa haki.

Wazee wetu husema, "Sisi tulibeba mataruma na kuchochea makaa, ninyi mwalia kwa sababu ya kioo." Wazee, twawaheshimu. Lakini kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Wazee wetu hawakugoma mwaka 1959 ili watoto wao waumie kwa njia nyingine. Walitaka watoto wao wasiumie.

Wengine husema vyombo vya umeme si vya kuchezewa, mtu akivuta waya ovyo ataleta moto au kuharibu mashine. Neno hili ni kweli, nami naliunga mkono. Tena ziko meza ambazo hazifai kuguswa kabisa bila mkuu na fundi kukubaliana, kama zile za watu wanaoongoza mwendo wa magari. Pale kila kioo kimewekwa mahali pake ili mtu wa zamu ya usiku akute kitu pale alipokiacha mwenzake, na kukisogeza kwaweza kuhatarisha roho za watu. Lakini jibu la hatari hiyo ni kumpa mtu njia ya kuomba na kujibiwa upesi. Kumwambia "ngoja fundi" mwaka mzima si jibu. Mwajiri anayekataza kusogeza meza na wala haleti wa kuisogeza, huyo amekataza afya.

Wengine husema fedha hakuna. Hapa ndipo nacheka. Kugeuza meza kunataka mikono minne na dakika kumi. Kushusha kioo kutoka juu ya sanduku hakununuliwi dukani. Kama kioo kiko chini mno, rimu mbili za karatasi chini yake zatosha. Mwenye miguu mifupi atapata pa kuikanyagia kwa kipande cha ubao. Behewa moja lililopotezwa kwa tarakimu iliyosomwa vibaya lina gharama kuliko hayo yote.

Kwa hiyo nawashauri wanachama wenzangu mambo haya:

(1) Kioo kiwe mbele yako sawasawa, si pembeni. Kikae umbali wa mkono ulionyoshwa. Ukingo wake wa juu ulingane na macho au uwe chini kidogo. Mwenye miwani ya sehemu mbili akishushe zaidi, ili asiinue kidevu.

(2) Ukiwa na vioo viwili, kile utumiacho zaidi kiwe mbele, cha pili kando yake karibu. Ukivitumia sawa, viungane mbele ya pua yako.

(3) Karatasi unayonakili isilale mezani mbali. Iegemeze kando ya kioo, kimo kile kile, usiwe ukiinama na kuinuka kama mtu anayetwanga.

(4) Dirisha liwe ubavuni. Ikiwa chumba hakikubali, dai pazia.

(5) Viwiko vikae karibu na mbavu, nyayo zikanyage chini, mgongo uegemee kiti.

(6) Kila dakika ishirini hivi, inua macho utazame kitu cha mbali, mita sita au zaidi, kwa muda wa sekunde ishirini. Na kila saa simama japo kidogo. Atakayesema huo ni uvivu, mwonyeshe makala hii.

(7) Ukiumwa, andika. Andika tarehe, saa, na mahali panapouma. Peleka malalamiko kwa barua, ubaki na nakala. Neno la mdomo hupeperuka, na yule mama alisema kwa mdomo mara mbili, siku ya hesabu hakuwa na karatasi hata moja.

Na kwa viongozi wa chama chetu nasema hivi kwa heshima. Mtakapokaa tena na waajiri kwa mapatano, pamoja na mishahara wekeni mambo manne: kwanza, karani awe na haki ya kupanga meza yake mwenyewe pale ambapo usalama wa magari hauguswi, pili, pale unapoguswa, ombi lake lijibiwe ndani ya siku zilizotajwa, tatu, wanaokaa mbele ya vioo wapimwe macho kwa gharama ya mwajiri, na miwani ya kazi isitoke katika mshahara wa mtu, nne, kila barua ya onyo iliyotolewa kwa sababu mtu alilinda afya yake iondolewe katika faili. Hilo la nne lianze na mwenzetu niliyemtaja. Miaka yake ya kazi iliyobaki si mingi, na si haki aimalize akiogopa barua ya pili.

Na wajumbe wetu walio katika kamati za usalama wasiishie kukagua mitungi ya kuzimia moto na sanduku la dawa. Waingie afisini saa tisa alasiri, jua likiwa linaingia, waketi katika kila kiti wenyewe, watazame kila kioo, wachukue na futi ya kupimia. Wasiingie asubuhi, maana asubuhi kila kitu ni kizuri.

Ndugu zangu, mtu wa gengi akikatwa kidole damu huonekana, na sote twakimbia. Shingo ya karani haitoi damu. Inauma kimya, miaka kumi, miaka kumi na mitano, mpaka siku mtu anapoambiwa kazi imemshinda. Chama ni cha wote, wa njiani na wa mezani. Tusiposimama na yule anayeumia kimya, tusishangae siku yetu ikifika na sisi tukiumia peke yetu.

Wenu katika umoja wa kazi,

Mfanyakazi wa Reli,
Kisegi.